Neno Ambalo Mtoto Ataondoka Nalo: Namna ya Kuchagua Lugha ya Vitabu vya Watoto Wadogo

Kila mswada wa watoto unaonifikia huusoma kwanza kwa sauti, nimesimama, bila kalamu mkononi. Mtoto wa miaka mitatu au minne hasomi kitabu kwa macho yake. Kinasomwa na mdomo wa mtu mzima, kikasikilizwa na sikio la mtoto. Mdomo ukijikwaa, hadithi nayo imejikwaa. Nilifundisha darasa la awali miaka 7, na sasa ni mwaka wa 11 nahariri vitabu vya watoto, na bado sijaona kipimo kinachokishinda hiki.

Waandishi wengi huja na swali moja: "Neno hili linawafaa watoto?" Wanatamani wapewe orodha, haya ruksa, haya mwiko. Orodha ya namna hiyo sina. Nina swali ambalo naliuliza kila neno: mtoto akishafunga kitabu, atakwenda kulitumia wapi neno hili, na atamwambia nani? Swali hilo nilifunzwa na kosa langu mwenyewe.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa hadithi ya konokono. Wanyama wenzake walipita mbio wakimwimbia, "Konokono goigoi! Konokono goigoi!" Maneno hayo yalirudi mara sita, maana nilitaka kiitikio ambacho watoto wangekidaka upesi. Mwishoni konokono ndiye aliyewaonyesha wenzake njia waliyokuwa wameipoteza, nao wakamwomba radhi. Niliamini nimeandika hadithi ya kufundisha heshima. Wiki chache baada ya kitabu kutoka, nilialikwa darasani kuwasomea watoto. Walikipokea kwa shangwe. Ulipofika wakati wa kutoka nje kucheza, mtoto mmoja alikuwa bado anahangaika na kamba za viatu. Wenzake watatu wakamzunguka, wakaanza: "Goigoi! Goigoi!" Mahadhi yaleyale niliyoyatunga mimi. Yule mtoto aliinamia kiatu chake, hakuinua uso.

Hakuna aliyeimba ukurasa wa kuombana radhi. Mtoto mdogo haondoki na funzo, anaondoka na sauti, na sauti iliyorudiwa ndiyo inayotangulia kutoka naye mlangoni. Katika chapa ya pili nilibadilisha mistari miwili tu. Wanyama wanapita wakiuliza, "Konokono, bado?" Naye anajibu, "Naja, naja!" Hadithi haikupungukiwa na kitu. Na "Naja, naja!" ni maneno ambayo hata mtoto anayechelewa kufunga viatu anaweza kuyatumia kujitetea.

Kwa hiyo unapoipitia kazi yako, anzia hapo. Chukua karatasi pembeni, andika kila neno au kifungu kinachorudi zaidi ya mara mbili. Hayo ndiyo unayomkabidhi mtoto mkononi. Yasome yakiwa peke yake, bila hadithi ya kuyatetea.

Umri wa sikio na umri wa jicho

Kwenye lugha, mtoto ana umri wa namna mbili. Sikio lake limetangulia mbali, jicho liko nyuma. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufuata hadithi yenye hila, huzuni na mizaha, mradi asomewe. Mtoto huyohuyo akianza kusoma mwenyewe, atakaa na neno "wanakimbilia" mpaka asahau nani alikuwa anakimbia. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, amua unamwandikia sikio au jicho. Miswada mingi inayonishinda kuitengeneza ni ile iliyotaka yote mawili: sentensi ndefu za kusomewa, zimewekwa kwenye kitabu ambacho jalada lake linasema "Najisomea".

Cha kusomewa kina nafasi ya neno geni, na hapa nataka kuwatetea watoto. Kuna mtindo wa kung'oa kila neno zito mpaka kitabu kibaki na "nzuri", "kubwa" na "sana". Huko ni kumnyima mtoto chakula cha lugha. Neno geni halimdhuru mtoto likija na wenzake wa kulibeba. Tazama "nyemelea". Ukiandika "Paka alimnyemelea panya" ukaenda zako, neno limepotea. Lakini ukiandika:

"Paka ananyemelea. Hatua moja... akasimama. Hatua nyingine... akasimama. Ananyemelea."

Mtoto amelipata, na kabla ya jioni utamkuta naye ananyemelea nyuma ya kiti. Hakuna maelezo ya maana kwenye mabano, hakuna msamiati mwisho wa kitabu. Mimi hukubali neno geni moja kwa kila jozi ya kurasa, na picha lazima imwonyeshe mtoto kile kinachosemwa.

Ujue pia nafasi uliyo nayo. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kuchapia hukunjwa ikatoa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa kurasa za jina na hakimiliki, hadithi yote inabaki na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa. Maandishi yake huwa chini ya maneno 1,000, na mengi hayafiki hata 500. Katika nafasi hiyo, neno ambalo halifanyi kazi linaonekana mara moja.

Hesabu silabi, usihesabu maneno

Mwaka 1957 Dr. Seuss alitoa kule Marekani kitabu cha kusoma cha watoto, The Cat in the Hat, kilichotumia maneno tofauti 236 tu. Wengi hupima ugumu wa kitabu cha watoto kwa idadi ya maneno, na waandishi wetu wengine wameuchukua mtindo huo kama ulivyo. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinadanganya. "Anakula", "tumekula" na "hawajala" ni maneno matatu kwenye hesabu, ila mtoto anaona kitendo kimoja, kula. Upande wa pili, "hawakumsikiliza" ni neno moja kwenye hesabu, lakini ndani yake wamo watendaji, kukanusha, wakati uliopita, mtendwa na kitendo, silabi nane kwa mkupuo. Kwa msomaji wa miaka sita hiyo ni sentensi nzima iliyofungwa kwenye furushi.

Kwa hiyo hesabu mashina mapya ya vitenzi, na hesabu silabi. Kwa mtoto anayeanza kujisomea, nataka maneno ya silabi mbili hadi nne. La silabi tano linaweza kuja mojamoja, likiwa limezungukwa na mafupi. "Hawakumsikiliza" igeuze: "Alisema. Hawakujali." Imepungua silabi, na maana imebaki karibu yote.

Herufi nazo zina ngazi zake. Konsonanti moja na irabu huja kwanza: kata, paka, lima, toka. Baadaye mb, nd, nj, kw, mw. Zile za gh, dh, th, kh na ng' ziache mpaka mtoto awe amepata imani na macho yake. Tena chunga sana ile alama ya ng', kwa sababu hupotea mara kwa mara maandishi yanapohamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na mtoto aliyefundishwa "ng'ombe" akikuta "ngombe" atadhani kosa ni lake.

Virejeshi kama "ambaye" na "aliyekuwa ameketi" huwa navikata karibu vyote. Kauli ya kutendwa pia. "Mpira ulipigwa na Tatu" inamlazimu mtoto aanze na mpira kisha arudi nyuma kumtafuta Tatu. "Tatu aliupiga mpira" inamwonyesha mambo kwa mpangilio ambao angeyaona uwanjani. Halafu tumia -ka-, ambacho ni kiambishi cha hadithi hasa: fungua kwa -li- mara moja, kisha acha -ka- ikuvute. "Alifika mtoni. Akavua viatu. Akagusa maji. Akacheka." Mtoto anayesikiliza anajua kwamba baada ya kila "aka-" kuna jambo jipya, na anakaa tayari.

Ukurasa mmoja wa kifaranga

Nionyeshe kazi yenyewe ilivyo. Mwandishi mmoja, mtu mwenye kipaji, aliniletea ukurasa huu kwa watoto wa miaka minne:

"Kifaranga mdogo aliyekuwa ametengwa na wenzake kutokana na unyonge wake alihuzunika sana alipobaini kwamba mvua kubwa ilikuwa inakaribia kunyesha huku mama yake akiwa hajulikani alipo."

Sarufi haina kosa hata moja. Ila niliposoma kwa sauti pumzi ilikata kabla ya "alipobaini". "Kutokana na" ni ya ripoti. "Hajulikani alipo" ni ya taarifa ya habari. "Alihuzunika sana" inamwambia mtoto ahisi nini, badala ya kumpa kitu cha kuhisi. Na mvua, ambayo ndiyo hatari yenyewe, imefichwa katikati ya sentensi. Tulikaa mezani karibu saa mbili tukapata hii:

"Kifaranga alikuwa peke yake.
Akatazama juu.
Wingu jeusi tititi!
Ndo... ndo... ndo...
'Mama! Mama, uko wapi?'"

"Ametengwa" na "unyonge" yameondoka, kwa kuwa mchoraji angeweza kuweka vifaranga wengine pamoja upande wa kushoto na huyu mmoja pembeni. "Wingu" limeingia, "mvua" haikutajwa kabisa. Mtoto anaijua kutokana na "ndo... ndo... ndo...", na furaha ya kuijua mwenyewe ni yake. Mwandishi alisikitika kuipoteza "alipobaini". Nikamwambia neno hilo ni zuri, litunze kwa wasomaji wa miaka kumi.

Mgawanyo wa mistari nao ni lugha. Kata mstari pale msomaji anapovuta pumzi. Usikate neno kwa kistari mwishoni mwa mstari, hata mara moja. "Kifa-" juu na "ranga" chini ni maneno mawili yasiyo na maana kwa anayejifunza kusoma.

Utajiri tunaousahau

Kiswahili kimetupa tanakali za sauti, nasi tunaziona kama za mitaani, tunazifuta. Zirudishe. Jiwe likianguka majini, chubwi. Giza tititi, nguo nyeupe pepepe, nyumba kimya jii, mtoto katulia tuli, embe limeanguka pu. Sauti hizi hazihitaji tafsiri, zinasemeka na mdomo wa miaka miwili, na msomaji mzima analazimika kubadili sauti yake akizifikia. Kitabu cha miaka miwili kinaweza kujengwa kwa hizo na majina tu.

Vina navyo ni rahisi, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano. Urahisi huo ndio mtego. Nimesoma mashairi mengi ya watoto ambamo mwandishi ametafuta kina mpaka akaleta neno ambalo hata yeye halitumii, au akapindua sentensi ikawa "sungura mbio akenda". Ikibidi uchague, chagua mizani kuliko kina. Mtoto husamehe kina kisicholingana, lakini mstari uliozidi silabi mbili unamwangusha kwenye wimbo.

Methali naweka moja tu, na si kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tena isije kama hukumu ya mwisho. Iweke mdomoni mwa mhusika katikati ya jambo, hadithi iifasiri.

Maneno yanayotaja watu

Hapa nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Sikiliza maneno haya yanavyoanza: sawa na kiti, kijiko, kikapu. Watu wengi wanaohusika wameeleza jinsi yanavyowaumiza, na "zeruzeru" ni zaidi. "Mtoto mwenye ulemavu", "asiyeona", "asiyesikia", "mwenye ualbino" ni maneno ya heshima, yatumie. Lakini kwa mtoto wa miaka minne hata "mwenye ulemavu" ni maneno makavu. Mimi hupenda kusema kile mtoto anachokifanya: "Zawadi haoni kwa macho. Anagusa ukuta, anahesabu hatua, anafika mlangoni kabla yangu." Msomaji mdogo amejua Zawadi yukoje, na hakupewa jina la kumwitia mwingine.

Udogo na ukubwa nao una sumu yake. Ki- ya kudogosha inapendeza kwa kitoto cha paka. Ikimgeukia mtu inakuwa dharau: kizee, kijitu. Kwa wazee sema "bibi", "babu", "mzee". Na unapotumia kifaranga au kipepeo, upatanisho uwe wa viumbe: "kifaranga amelala", "vipepeo wanaruka". Watoto wenyewe hukosea, ndiyo maana kitabu kisikosee.

Upande huu lugha yetu imetupa zawadi kubwa, "yeye". Hakuna wa kike wala wa kiume katika "akapanda mti". Unaweza kuandika hadithi nzima bila kuamua, na kila mtoto akajiona juu ya ule mti. Zawadi hiyo ina gharama yake: wahusika wawili wakizungumza, "akasema" haimwambii mtoto ni nani. Rudia jina. Kurudia jina mara nne ukurasa mmoja kunamchosha mtu mzima, mtoto hakumchoshi hata kidogo.

Matusi hata ya adui kwenye hadithi siyaruhusu, mjinga, mpumbavu, mshenzi, kwa sababu ileile ya konokono. Hasira haihitaji tusi. "Nyani akapiga mguu chini. Majani yakaruka." Imetosha, na mtoto akiiga atapiga mguu chini tu.

Kifo, mwili na hofu

Mnyama au mtu akifa kwenye hadithi, andika amekufa, au amefariki kwa binadamu, kisha eleza kwa mwili: "Moyo wake umeacha kupiga. Hapumui tena. Haumwi tena." Usiandike amelala, wala amesafiri. Mtoto anayachukua maneno yalivyo. Ataogopa kufunga macho usiku, au atakaa dirishani akimngoja msafiri. Watu wazima hutumia maneno hayo kwa huruma, naielewa huruma hiyo, lakini gharama yake anailipa mtoto.

Kitabu kinachomfundisha mtoto kujilinda kitaje viungo vya mwili kwa majina yake sahihi. Jina la kimafumbo linalojulikana nyumbani tu halimsaidii siku anapohitaji kumwambia mtu mwingine kilichompata. Kwenye hadithi za kawaida hakuna haja ya kuvitaja.

Hofu usiifute. Mtoto anapenda kuogopa akiwa amepakatwa. Ninachokagua ni umbali kati ya ukurasa wa kutisha na ukurasa wa salama: kwa mtoto wa miaka mitatu, fungua ukurasa mmoja tu na fisi awe ameondoka.

Na kile kifungu cha mwisho kinachoanza "Kwa hiyo watoto, tujifunze..." huwa nakifuta kabla hata ya kumaliza kusoma. Kama hadithi imefanya kazi, kifungu hicho kinamwambia mtoto kwamba hakuaminiwa.

Kujaribu kitabu

Chapisha maandishi bila picha. Mpe mtu ambaye hajawahi kuyaona, mwombe asome kwa sauti mara moja, na wewe ukae na nakala yako na penseli. Usimwambie chochote. Weka nukta kila anapojikwaa, duara anaporudia neno, mstari anapobadilisha neno lako kwa lake bila kujua. Hayo ya mwisho ndiyo ya thamani kuliko yote. Msomaji wangu mmoja alisoma "akaenda haraka" mahali nilipoandika "akatweka mwendo", na nikayachukua maneno yake.

Kisha nenda kwa watoto, wasizidi sita, kwa kuwa wakiwa wengi utasikia kelele badala ya kusikia maneno. Soma, halafu angalia miguu kabla ya nyuso. Miguu ikianza kucheza, ukurasa huo una maneno mengi. Usiwaulize kama wamependa, watasema ndiyo. Waombe wakusimulie, na uandike maneno wanayotumia wao.

Ule ukurasa wa kifaranga tuliujaribu hivyo. Nilipofika "Mama, uko wapi?" nikanyamaza kidogo kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, na mtoto mmoja wa mbele akaegemea mbele, akaweka kidole juu ya ukurasa: "Yuko nyuma ya mti. Mkia huo hapo!" Ukurasa uliofuata ulikuwa umeanza na sentensi, "Kumbe mama yake alikuwa amejificha nyuma ya mti." Nilimpigia mwandishi simu jioni hiyo, tukaifuta.